Hema la Watu Wawili, Nyamahanga

Nikikuuliza wewe na mwenzi wako mwaka huu mnakwenda wapi likizo, majibu ninayo tayari. Zanzibar. Kama mfuko umetoboka, Bagamoyo. Wenye nazo, Serengeti. Hakuna ubaya, hata mimi hanimuni yangu ilikuwa Nungwi na picha ninazo. Lakini hebu niambie ukweli: ni lini wewe na huyo mtu wako mmekaa siku kumi mfululizo bila televisheni, bila dada wa kazi, bila foleni ya Mwenge, bila bosi kupiga simu saa mbili usiku? Ndoa yetu ina miaka sita na jibu letu lilikuwa: haijawahi kutokea.

Wazo la kupiga kambi lililetwa na shoga yangu anayesoma Ulaya. Yeye na mchumba wake walizunguka Estonia, ile nchi ndogo iliyopo kwenye Bahari ya Baltiki, kwa kigari kidogo na hema. Akanieleza kuwa kule shirika la misitu la serikali, linaitwa RMK, limetenga sehemu za kupiga kambi huko huko msituni, zina mahali pa kuwashia moto na mara nyingi hata kuni zimepangwa, na hulipi chochote. Mnafika, mnafunga hema, mnalala. Nikamsomea mume wangu ujumbe wote tukiwa mezani. Akatafuna, akanywa maji, halafu akasema, "Hata sisi tuna mahali pa kulala bure. Nyamahanga."

Hapo hapo nikajua likizo imeingiliwa na kikao cha ukoo.

Ngoja nikufafanulie. Nyamahanga ipo Biharamulo, mkoani Kagera. (Ukiwa njiani unauliza, taja na wilaya, usije ukaelekezwa kwingine kabisa.) Mume wangu ni Msubi kwa baba, ila kazaliwa na kukulia Mwanza, na Kisubi chake kinaishia kwenye salamu. Baba yake alipofariki aliacha shamba la ekari sita aliloachiwa na babu. Kwa zaidi ya miaka ishirini shamba hilo limelimwa na shangazi, dada wa marehemu, aliyerudi nyumbani ndoa yake ilipomshinda. Sasa baba mdogo alikuwa amepiga simu: kijiji kinapima mashamba, watu wanaandikishwa kwa ajili ya hatimiliki za kimila, mtoto mkubwa wa kiume aje aseme neno.

Na huku mjini tuna nyumba Goba. Nyumba, yaani kuta. Ilisimama kwenye linta, ikagoma kuendelea, na sasa ni mwaka wa pili inaota nyasi sebuleni. Msimamo wangu nilikuwa nausema wazi: shamba liuzwe, sehemu ya mume wangu ikanunue bati. Msimamo wake ulikuwa kinyume: ile akiba tuliyoiweka kwa ajili ya bati ikajenge vyumba viwili Nyamahanga. Tangu Januari tumelijadili suala hilo mpaka dada wa kazi akawa anajua, tukianza tu, yeye ni wakati wake wa kwenda dukani.

Kwa hiyo hema lilinunuliwa Kariakoo, la watu wawili, rangi ya kijani, na Julai 2025 tukaingia barabarani.

Kilometa 1,200 na sheria moja

Kutoka Dar hadi Lusahunga, ambako unaingia Biharamulo, ni kama kilometa 1,200, lami mwanzo mwisho. Njia ni Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, halafu unafika Tinde: kulia Shinyanga na Mwanza, kushoto Kahama. Gari letu ni RAV4 ya siku nyingi, si gari la kumtambia mtu, lakini mguu wake upo juu kidogo na ina boneti inayofunguka kwa ngumi moja. Usijaribu kuimaliza hiyo njia kwa siku moja eti mnabadilishana usukani. Sisi tulilala Dodoma, tukalala Kahama.

Neno moja kuhusu tochi. Trafiki wa barabara ya kati hawana mzaha, na kibao cha 50 kinakuja ghafla mkiwa mnacheka. Mume wangu ana mguu mzito, mimi nina jicho, tukagawana kazi: yeye aendeshe, mimi nitangaze vijiji. Tulifika Kahama bila kulipa hata shilingi, na nakuhakikishia hicho ni kipimo cha ndoa kuliko maua ya Valentine.

Singida simama ununue kuku wa kienyeji aliyechomwa, na dumu la mafuta ya alizeti kama unayo nafasi ya kulibeba. Kahama kula wali, ndiko unakolimwa.

Tulijiwekea sheria moja: neno "Goba" lisitajwe ndani ya gari. Lilitajwa baada ya Manyoni. Likafungiwa tena.

Kuanzia Kahama kwenda Ushirombo na Runzewe nchi inabadilika. Miti inasogea barabarani, nyumba zinapungua, malori yanaongezeka. Wasafiri wa miaka ya 2000 wanaikumbuka Kagera kwa jambo jingine: majambazi wa porini. Enzi hizo mabasi yalisubiriana, yakaongozana kwa msafara na askari wenye bunduki. Mama mkwe alipanda mabasi hayo na mpaka leo akisikia neno Biharamulo anashika kifua. Sisi tulipita mchana kweupe, tukisindikizwa na lori la sementi. Hata hivyo ushauri wangu ni huu huu: usiendeshe porini usiku. Ng'ombe hawana taa.

Lusahunga ni njia panda hasa. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapumzika hapo, mama lishe hawalali, na pancha inazibwa saa yoyote. Biharamulo mjini tulisimama kuangalia boma la Wajerumani, lile jengo jeupe lenye kuta nene kama ngome. Nilitaka kupiga picha za mapozi. Mume wangu alikuwa anaangalia saa tu. Kadiri tulivyokaribia kwao ndivyo alivyozidi kunyamaza.

Hodi kwa mtendaji

Sasa sikiliza wewe unayetaka kufunga hema kijijini. Huku si Estonia. Hakuna porini kwa mtu asiye na mwenyewe. Kila mti una mzee wake, na wilaya hizi zipo jirani na mipaka, kwa hiyo mgeni anaonekana kabla hajazima injini. Utaratibu ni kwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, kitambulisho cha taifa mkononi, useme wewe ni nani, umekuja kwa nani, unalala siku ngapi. Dakika kumi tu. Njiani Uhamiaji walitusimamisha mara mbili, kwa adabu, wakaangalia vitambulisho, wakatutakia safari njema. Ukivisahau Dar, safari yako itakuwa fupi.

Mtendaji alitukaribisha vizuri. Alichoshindwa kuelewa ni hema. "Shangazi yenu ana nyumba," alisema. "Mnalalaje nje kama walinzi?"

Shangazi naye akauliza vile vile. Alitupokea barabarani, mwembamba, mrefu, kanga moja kiunoni na nyingine begani. Nikapiga goti, "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Akanishika mikono yote miwili na hakuiachia mpaka alipomaliza kunikagua kuanzia nywele hadi viatu. Mume wangu akamweleza kuwa tunataka kulala shambani kwa babu, kwenye hema, siku tatu. Shangazi akaangalia lile furushi la kijani, akaangalia RAV4, akasema, "Haya. Mjini kuna mambo."

Lile shamba, jamani, mimi nilikuwa nalijua kwa hesabu tu. Ekari sita mara bei ya ekari. Hakuna aliyeniambia kuwa lina mteremko unaoangalia magharibi, na kwamba saa kumi na mbili jioni jua linatua mbele yako kama limelipiwa. Mbele ni mahindi, yameshavunwa, mabua yamesimama. Katikati maharage na mihogo. Nyuma, karibu na ulipokuwa mji wa zamani, kuna migomba, na ndani ya migomba kuna kaburi la babu, limezungushiwa mawe, limefagiliwa. Tulifunga hema hatua thelathini hivi kutoka hapo.

Kuhusu vifaa nitasema haraka. Chukua godoro la kupuliza, ukiokoa pesa hapo mgongo utakudai. Julai usiku ni baridi, blanketi mbili si anasa. Tochi za kichwa mbili, moja kwa kila mtu, kwa sababu tochi moja ni chanzo cha ugomvi. Jiko dogo la gesi, dumu la maji la lita ishirini, chandarua hata kama hema lina neti. Na turubai la kutandika chini, maana umande wa kule unapanda kutoka ardhini kama una hasira na mtu.

Ugomvi wa kunong'ona

Usiku wa kwanza tulikula ndizi na maharage kwa shangazi, tukarudi shambani na nyota zote juu. Kimahaba, bomba kabisa. Nilidhani tutalala kama kwenye matangazo ya simu. Badala yake, saa nne usiku, tumelala chali, mume wangu akasema gizani, "Nataka vyumba viwili tu."

Mwenzangu, umewahi kugombana ndani ya hema? Nyumbani mtu ana mbinu. Mmoja anakwenda jikoni kugonga sufuria, mwingine anaongeza sauti ya taarifa ya habari. Ukizidiwa unachukua funguo za gari. Hemani huna pa kwenda. Zipu inapiga kelele, nje kuna umande na giza, na kwa shangazi ni mita mia moja, wanasikia mpaka kikohozi. Kwa hiyo mnanong'ona. Na ugomvi wa kunong'ona una tabia yake: huwezi kurusha maneno, unabaki nayo mdomoni mpaka uyachague.

Nikamuuliza kwa kunong'ona, vyumba viwili vya nani? Mwaka mzima tutakuja siku ngapi?

Ndipo akaniambia jambo ambalo miaka sita hakuwahi kulisema. Baba yake aliomba kuzikwa Mwanza, karibu na mke wake na msikiti wake. Mume wangu akatii. Ukoo hawakuwahi kumlaumu usoni, lakini siku ya arobaini mzee mmoja alimwambia, huku akinywa chai yake taratibu, kwamba mtu asiye na kaburi wala nyumba kijijini ni mpita njia. Tangu siku ile ana vyumba viwili kichwani. Alikuwa anaisema ile bei ya bati na matofali kana kwamba ni deni, na mimi kumbe nilikuwa nabishana na fundi wakati anayedai ni mtu mwingine kabisa.

Sikubadilisha msimamo wangu usiku ule, nisikudanganye. Nyasi za Goba nilikuwa naziona mpaka ndani ya hema. Lakini angalau sasa nilijua tunagombana kuhusu nini. Alfajiri tuliamshwa na shangazi akifagia kaburini.

Kikao kilikuwa siku ya pili, saa tisa, chini ya mwembe. Baba mdogo, mzee mwingine wa ukoo, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji na daftari lake, mume wangu. Sisi wanawake kwenye mkeka, pembeni kidogo, tukimenya ndizi. Baba mdogo alieleza vizuri, kwa heshima, kwamba mali ya kaka inakwenda kwa mtoto wa kaka, jina liandikwe, mambo yaishe, chai inapoa. Mtendaji akafungua kalamu.

Mimi ni mkwe pale, na mkwe hakurupuki. Nikaomba ruhusa. "Naomba kuuliza tu, baba. Na shangazi anaandikwa wapi?"

Ndizi zikasimama kumenywa. Baba mdogo akacheka kidogo, akasema shangazi hana tatizo, atalima siku zote, nani atamfukuza? Nikasema mimi. Au mtu kama mimi. Miezi sita iliyopita nilikuwa nataka kuliuza shamba hili lote, na sikuwa hata najua kama shangazi ana miguu mirefu.

Mtendaji ndiye aliyetuokoa kwenye ule ukimya. Akaeleza kama anayesoma taarifa ya maji: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hati ya kimila inaweza kuwa na jina zaidi ya moja. Mila za ukoo zinaheshimiwa pale zisipomnyima mwanamke haki hiyo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo niandike majina mangapi?"

Mume wangu alimwangalia shangazi, halafu akaniangalia mimi. Akasema, "Anza na shangazi. Halafu mimi. Halafu mke wangu."

Baba mdogo aliondoka bila kugusa chai. Kesho yake asubuhi alirudi na jogoo, akamfunga kwenye kigingi cha hema letu bila kusema neno, akakaa, akaomba chai. Ndivyo wazee wanavyofanya, usiombe maelezo zaidi.

Na shangazi? Jioni ile mume wangu alimweleza habari ya vyumba viwili, kwa furaha, akimwonyesha na mahali. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mkijenga hapa nani atalala? Mimi nina nyumba yangu, naifagia peke yangu nachoka. Kajengeni huko mnakolala kila siku." Halafu akasema kitu kwa Kisubi ambacho mume wangu hakukielewa na binamu hakutaka kutafsiri. Nilijikaza nisitabasamu. Nilifanikiwa kwa kiasi.

Kabla hujakimbilia kijijini kwenu na kalamu, jua kwamba hati ya kimila haitoki siku hiyo hiyo. Kijiji kwanza kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji, maombi yapitie halmashauri ya kijiji, majirani wakubali mipaka. Sisi tuliacha maombi na nakala za vitambulisho, tunasubiri.

Mbung'o, viboko na daraja

Baada ya hapo ndipo likizo yenyewe ilianza, na mume wangu akarudi kuwa yule mtu niliyemjua chuoni, anayeimba vibaya kwa makusudi. Tulikwenda Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Ni hifadhi changa, ilianzishwa 2019 kwa kuunganisha yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ina kilometa za mraba 4,707. Raha yake ni kwamba haina msururu wa magari kumzunguka simba mmoja. Kuna siku nzima hatukukutana na gari jingine. Malipo ni kwa kontroo namba, fedha taslimu hawapokei, na sisi raia tunalipa kwa shilingi. Kabla hujaingia na gari dogo waulize askari wa hifadhi hali ya njia. Kiangazi tulipita, masika nisingethubutu.

Tulifunga hema upande wa Ziwa Burigi. Usiku viboko walikuwa wanaongea majini kama wazee kwenye baraza, kicheko kirefu kizito, halafu kimya, halafu kimoja kinadakia tena. Hakuna aliyenong'ona kuhusu bati.

Tahadhari moja: mbung'o. Wanapenda rangi nyeusi na bluu iliyokoza, ndiyo maana mitego yao inatengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mume wangu, nilimwambia, akavaa fulana yake ya bluu anayoipenda. Sitaeleza zaidi, picha ninazo. Vaeni kaki, vioo juu.

Kutoka hapo tulirudi Lusahunga na kuifuata ile barabara ya kilometa 92 kwenda Rusumo. Benaco mji umechangamka, malori, nyumba za wageni, nyama choma. Jina lenyewe ni la kampuni ya Italia iliyokuwa na kambi hapo wakati wa ujenzi wa barabara. Lakini dunia nzima ililijua kwa sababu nyingine. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco ikawa kambi kubwa ya wakimbizi kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwisho wa 1996.

Rusumo yenyewe si maporomoko marefu, mita 15 hivi. Nguvu yake ni wingi wa maji: Mto Ruvubu unaotoka Burundi unaungana na Kagera hapo juu kidogo, halafu vyote viwili vinabanwa kwenye mwamba. Miaka mia moja kabla ya wale wakimbizi, mwaka 1894, Mjerumani von Götzen alivukia hapa kuingia Rwanda; baadaye ndiye aliyekuwa gavana wa koloni letu wakati wa Majimaji. Daraja la sasa na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, na sasa kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni mpakani, kwa hiyo omba ruhusa kwa askari kabla ya kutoa kamera.

Tulisimama pale muda mrefu. Mama mmoja alikuwa anavuka na ndoo ya parachichi kichwani, anaongea na simu, anacheka. Mume wangu mwaka 1994 alikuwa na miaka sita. Anachokumbuka ni redio ya baba yake tu, na kuambiwa atoke nje akacheze.

Usiku tulilala Ngara mjini, juu ya kilima, si hemani. Baridi ya Ngara haina mjadala, na mimi nilikuwa nimeshaionyesha dunia kwamba naweza. Chumba safi, maji ya moto kwenye ndoo, parachichi za bure mezani. Ukisikia watu wanaongea ukadhani ni Kirundi, ni Kihangaza. Wenyewe kwa wenyewe wanaelewana bila mkalimani.

Kurudi tulipitia Biharamulo, Bwanga na Geita, ili tuvuke kwenye Daraja la JPM, Kigongo hadi Busisi, kilometa 3 hivi juu ya ziwa, lililofunguliwa na Rais Samia tarehe 19 Juni 2025. Mume wangu utoto wake wote alivuka pale kwa kivuko, na kusubiri kivuko ndiko alikojifunzia kucheza drafti. Safari hii tulivuka dakika chache tu, akapunguza mwendo mpaka wa nyuma wakatupigia honi. Mwanza tulikwenda kwenye kaburi la baba, akaeleza mwenyewe yaliyosemwa kule chini ya mwembe. Mimi nilikaa na mama mkwe kwenye gari.

Bati la Goba tumenunua nusu, Septemba. Nusu nyingine Mungu anajua.

Hema hatukurudi nalo. Asubuhi ya kuondoka Nyamahanga shangazi aliuliza bei yake, akashtuka, kisha akaniuliza kama kweli mvua haiingii. Nikamwambia haiingii. Akasema mahindi yakianza kukomaa ngedere humaliza mistari miwili kwa siku, na kibanda cha kulindia kinavuja. Tukalifungua tena, nikamfundisha zipu. Wiki iliyopita alipiga simu. Mvua zimeanza, mahindi yamechipua, hema limekaa vizuri pale pale. Ila anauliza, kwa nini linaitwa la watu wawili wakati yeye peke yake miguu inatokeza nje?